Cheni na sproketi za pikipiki zinazodumu: tuangalie pini na bushi kabla ya kuangalia jina na bei

Mtoa mada

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila swali la cheni linapoulizwa humu, majibu huwa orodha ya majina ya kampuni, na mwulizaji huondoka bila kujua kwa nini jina hili limependekezwa na lile limeachwa. Jina lina uzito wake, sikatai. DID, RK na EK za Japani na Regina ya Italia zimejijengea heshima kwa miaka mingi. Hata hivyo, kampuni moja huuza cheni ya bei nafuu na cheni ya bei kubwa, zote zikiwa na nembo ileile, na tofauti yake imo ndani ya kiungo, mahali ambapo mnunuzi haangalii. Ningependa tujadili kilichomo humo ndani, ili mtu aweze kusimama mbele ya cheni yoyote na kuipima kwa macho na mikono yake.

Cheni tunayoitumia leo, kwa muundo wake, ni ile ambayo Hans Renold aliipatia hataza mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Kilichoipa uhai mrefu ni bushi, yaani kile kibomba kifupi kinachokaa kati ya pini na rola. Kwa kuwa na bushi, mzigo unaobebwa na pini husambaa kwenye urefu wote wa kibomba badala ya kukatia kwenye kingo nyembamba za vibamba vya pembeni. Rola nayo huzunguka juu ya bushi, kwa hiyo inapoingia kwenye jino la sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, hubingirika badala ya kuburuzika. Kila cheni ya pikipiki, iwe ya bei gani, ina vitu hivi: vibamba vya nje, vibamba vya ndani, pini, bushi na rola. Uimara wa cheni nzima unaamuliwa zaidi na pale pini inapokutana na bushi.

Cheni inaporefuka, vibamba vyake huwa havijavutika hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba pini imelika upande mmoja, bushi imelika upande wa pili, na nafasi ndogo imezaliwa katika kila kiungo. Chukua cheni yenye viungo 112. Kila kiungo kikiongeza sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo jicho haliioni, cheni nzima imeongezeka zaidi ya milimita 11. Ndiyo maana mtu anajikuta anasogeza gurudumu nyuma kila mara, hadi alama za kukazia zinakwisha, ilhali cheni kwa nje bado inang'aa.

Basi cha kwanza kukitafuta dukani ni ubora wa bushi. Bushi ya bei rahisi hutengenezwa kwa kukunja kipande cha bati la chuma hadi ncha mbili zikutane, hivyo hubaki na mshono na haiwi duara kamili. Pini huigusa sehemu chache tu, na hizo ndizo zinazolika haraka katika siku za mwanzo. Bushi bora haina mshono, ni bomba zima, na uso wake wa ndani ni laini na wa duara. Kwenye cheni inayouzwa ikiwa wazi, pamoja na kiungo chake cha klipu pembeni, viungo vya mwisho vya ndani huwa havijatiwa pini. Vielekeze kwenye mwanga, chungulia ndani ya tundu la bushi: ukiona mstari mwembamba unaokwenda kutoka upande mmoja hadi mwingine, huo ndio mshono. Zungusha na rola kwa kidole, uangalie mgongo wake. Rola zilizokunjwa nazo huonyesha mstari kama huo. Ni ukaguzi wa dakika moja, na sijaona kipimo kingine cha dukani kinachosema mengi kama hicho.

Cha pili ni ringi za kuzuia grisi isitoke. Cheni zenye ringi za umbo la O, na zile za umbo la X zilizokuja baadaye, hutiwa grisi kiwandani kati ya pini na bushi, kisha raba ndogo huwekwa kati ya kibamba cha nje na cha ndani ili grisi ibaki ndani, na vumbi na maji vibaki nje. Ringi ya umbo la X hugusa vibamba kwa midomo myembamba, kwa hiyo huziba vizuri na msuguano wake ni mdogo kuliko wa ringi ya O. Faida ya ringi hizi inazidi faida ya aina ya chuma, kwa sababu hata chuma kizuri kikisuguana na mchanga laini kitalika tu. Pale hali ya barabara na nafasi ya pikipiki vinaporuhusu, hapo ndipo ningeweka fedha yangu.

Rangi ya dhahabu, kinyume chake, haiongezi nguvu. Ni tabaka la nje la kuzuia kutu, na lina maana kwa anayeishi penye mvua na chumvi, lakini haligusi pini na bushi. Hali ni hiyohiyo kwa ile tarakimu kubwa ya nguvu ya kukatika iliyochapishwa kwenye boksi. Tufanye hesabu. Injini ndogo inayotoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni mita 10, ikipita kwenye upunguzaji wa kwanza (ule ulio kati ya injini na gia) wa 3.4 na gia namba moja ya 2.8, inafikisha takriban nyutoni mita 95 kwenye shafti ya sproketi ya mbele. Sproketi ya meno 14 ya cheni ya 428 ina nusu kipenyo cha milimita 28.5 hivi, kwa hiyo cheni inavutwa kwa nguvu ya nyutoni 3,300, sawa na uzito wa kilo 340. Cheni ya 428 ya kawaida iliyotengenezwa kwa viwango hukatika kwa mvuto wa zaidi ya tani moja na nusu. Nguvu ya kukatika ipo ya kutosha tangu mwanzo. Kinachokosekana kwenye cheni mbovu ni ugumu wa uso wa pini na umakini wa vipimo, na hayo hayaandikwi kwenye boksi.

Kuhusu namba, tarakimu ya kwanza inaeleza umbali kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata, kwa kuhesabu sehemu za nane za inchi: 4 ni milimita 12.7 na 5 ni milimita 15.875. Tarakimu mbili zinazofuata zinahusu upana wa ndani, unaokaa kwenye unene wa jino. Cheni za 420 na 428 zina umbali uleule wa pini, na kuna watu wanaozibadilishana kwa sababu hiyo. Wasifanye hivyo. Upana wa ndani wa 420 ni milimita 6.35 na wa 428 ni 7.94, na rola zake zina vipenyo tofauti, kwa hiyo moja haitaingia vizuri kwenye sproketi ya nyingine na nyingine itachezacheza hadi iyale meno. Herufi H, kama katika 428H, ina maana ya vibamba vinene zaidi. Hiyo inaingia kwenye sproketi za 428 bila shida, ila upana wake wa nje ni mkubwa, na cheni yenye ringi huwa pana zaidi hata ya hiyo. Fungua kava ya sproketi ya mbele upime nafasi kabla ya kununua.

Nakaribisha maoni.

Mchangiaji wa pili

Mkuu mtoa mada, shukrani kwa maelezo yaliyoshiba. Nina maswali mawili. Je, ni lazima kubadilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, hata kama sproketi ya nyuma bado ina meno mazuri? Na sproketi nitaipimaje kama chuma chake ni kigumu, maana zote zikiwa mpya zinafanana?

Mtoa mada

Ndugu yangu, maswali yako yamegusa mahali ambapo fedha nyingi hupotea.

Cheni iliyorefuka hailingani tena na nafasi za meno ya sproketi mpya. Rola zake hupanda juu ya meno badala ya kutulia kwenye mabonde, na mzigo uliopaswa kugawanywa kwa meno kadhaa hubebwa na moja au mawili. Meno hayo huanza kuinama kama ndoana. Ukifunga cheni mpya juu ya meno yaliyokwisha kuinama, rola hunasa kwenye ndoana wakati wa kutoka, na cheni mpya huanza kulika tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo kanuni yangu ni seti nzima. Ninachokubali ni kwamba sproketi ya mbele huisha mapema kuliko ya nyuma, kwa sababu ya hesabu tu: kwenye pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma, kila jino la mbele hukutana na cheni mara tatu wakati jino la nyuma linakutana nayo mara moja. Anayebadilisha sproketi ya mbele mapema, kabla cheni haijarefuka, anaweza kuongeza uhai wa seti iliyobaki, mradi apime kwanza.

Kupima ni rahisi. Ivute cheni ikaze, hesabu pini 21, upime kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ile ya 21. Kwa cheni ya 428 mpya utapata milimita 254. Ikifika 259 imeongezeka asilimia 2 na haifai tena. Kwa cheni za mfululizo wa 5, kama 520, utapata milimita 317.5 ikiwa mpya, na ikikaribia 323 iache. Kwa cheni yenye ringi mimi ningeiondoa mapema zaidi, ikifika asilimia 1, kwa sababu kurefuka kwake ni dalili kwamba grisi ya ndani imekwisha na kuanzia hapo italika kwa kasi. Pima sehemu kadhaa, kwani cheni hailiki sawasawa. Kwenye sproketi ya nyuma, shika cheni nyuma kabisa ya gurudumu uivute. Ikiachana na meno kiasi cha kuonekana nusu ya jino, muda wake umekwisha.

Ugumu wa chuma unaupima kwa tupa ndogo. Ipitishe kidogo pembeni mwa ncha ya jino, mahali ambapo rola haigusi. Kwenye jino lililotiwa ugumu kwa moto vizuri, tupa huteleza na kutoa mlio mkali bila kushika. Kwenye chuma laini huuma na kuacha mkwaruzo unaong'aa. Katikati ya sproketi panaweza kuwa laini, wala hilo si kosa, kwa sababu panapaswa kustahimili mshtuko bila kupasuka. Baadhi ya sproketi huonyesha utepe wa rangi ya kijivu iliyokolea au bluu kuzunguka meno, na hiyo ni alama iliyoachwa na moto. Omba ruhusa ya muuzaji kwanza, na akikataa, nunua moja uipime kabla ya kuifunga.

Sproketi za alumini, hata zile za aloi ya 7075-T6, ni nyepesi na zina kazi yake kwenye mashindano. Kwa anayetafuta kudumu, chuma ndicho jibu, mbele na nyuma.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, mimi ni fundi, nakuunga mkono kwa mengi, ila naomba nitofautiane nawe kwenye jambo moja. Umeipa cheni yenye ringi nafasi ya kwanza kana kwamba inamfaa kila mtu. Pikipiki ndogo nyingi hazina nafasi ya upana wake, na injini ndogo huhisi msuguano wake. Pia ringi zikishakatika kwa sababu ya kuoshwa kwa petroli au kusuguliwa kwa brashi ya waya, cheni hiyo inakuwa mbaya kuliko ya kawaida, kwa sababu vumbi linaingia ndani na oili mpya haiingii vizuri. Kwa mwenye injini ya sentimita za ujazo 125 anayepaka oili kwa nidhamu, cheni ya 428H isiyo na ringi, yenye bushi nzima, ni chaguo halali kabisa.

Jambo la pili ni ufungaji. Nimefungua cheni nzuri sana zilizokufa mapema kwa sababu ya kukazwa kupita kiasi. Gurudumu la nyuma linapopanda na kushuka, umbali kati ya sproketi mbili hubadilika, na cheni hukaza kuliko wakati wowote pale shafti ya mbele, egemeo la swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) na ekseli ya nyuma vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Mtu akikaza cheni pikipiki ikiwa tupu hadi ulegevu unaisha, akipanda na abiria cheni inakuwa kama waya wa gitaa, na mzigo unahamia kwenye beringi ya shafti, sili ya oili na beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu. Pikipiki nyingi za barabarani hutaka ulegevu wa milimita 20 hadi 35 katikati ya upande wa chini, na za njia mbovu hutaka zaidi. Kitabu cha pikipiki husika ndicho chenye neno la mwisho. Zungusha gurudumu upime pale ilipokaza zaidi, wala usipime pale ilipolegea.

Tatu, msiamini sana alama zilizochorwa kwenye swingamu. Pima kwa futi kutoka katikati ya egemeo la swingamu hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto. Ukikuta sehemu ya ndani ya vibamba inang'aa upande mmoja, au ubavu wa meno umechubuka upande mmoja, gurudumu limekaa upande. Angalieni pia raba za habu: zikiisha, kila ukifungua mafuta cheni hupokea kishindo badala ya mvuto.

Mtoa mada

Mkuu fundi, hoja yako ya kwanza naipokea. Niliposema "pale nafasi inaporuhusu" nilikuwa na nia hiyo, lakini umeifafanua vizuri kuliko mimi. Kwa injini ndogo, bushi nzima itangulie, na ringi zifuate kama zinaingia. Hilo la kuosha ningeomba kila mmoja alizingatie: mafuta ya taa na brashi laini vinatosha, kisha kitambaa kikavu, kisha oili ya gia ya SAE 80 au 90, au dawa ya kupuliza iliyoandikwa kuwa ni salama kwa ringi. Petroli hukausha raba. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini siipendekezi kwa cheni yoyote, kwa sababu imebeba masizi na vumbi la chuma, na hicho ndicho tunachojaribu kukizuia kisifike kwenye pini.

Oili ipakwe cheni ikiwa na joto baada ya safari, kwenye upande wa ndani wa mkondo wa chini, ili mzunguko uisukume kuelekea nje kupitia kwenye viungo. Injini iwe imezimwa na gurudumu lizungushwe kwa mkono. Vidole vilivyoingia kati ya cheni na sproketi huku injini ikiunguruma havirudi.

Naongeza kuhusu kiungo cha klipu. Upande uliofungika wa klipu uelekee kule cheni inakokwenda, na ule ulio wazi ubaki nyuma. Kwa injini kubwa, kiungo cha kugongwa ribiti ndicho salama, na kifungwe na mwenye kifaa chake. Cheni mpya nayo ikaguliwe ulegevu baada ya kilomita mia chache za mwanzo, kwani viungo hutulia kidogo, na ile grisi ya kiwandani isioshwe.

Mchangiaji wa nne

Wakuu, nimejifunza. Pikipiki yangu ilikuja na meno 14 mbele na 42 nyuma, cheni 428 ya viungo 112. Nabeba mizigo milimani na nimeshauriwa niweke meno 13 mbele ili ipande vizuri. Je, kwa upande wa kudumu kwa cheni hiyo ni sawa?

Mtoa mada

Ndugu, kwa kupanda mlima utapata nafuu. Kwa cheni utalipa.

Kila kiungo kinapoingia kwenye sproketi hupinda kwa nyuzi 360 zilizogawanywa kwa idadi ya meno. Kwa meno 13 ni karibu nyuzi 27.7, kwa 15 ni nyuzi 24. Kupinda huko ndiko kunakosugua pini na bushi, na hutokea chini ya mzigo. Pili, sproketi ndogo ina nusu kipenyo kifupi, kwa hiyo torki ileile huivuta cheni kwa nguvu zaidi: katika ile hesabu yangu ya mwanzo, meno 13 yanatoa takriban nyutoni 3,590 na meno 15 yanatoa takriban 3,120. Tatu, cheni haizunguki kama mkanda bali hukunjika kwa pembe, na mwendo wake hupanda na kushuka kidogo kila jino linapopita. Kwa meno 13 mabadiliko hayo ni kama asilimia 2.9, kwa 15 ni 2.2.

Uwiano wako wa sasa ni 3.0. Meno 13 kwa 42 yangekupa 3.23. Unaweza kuupata karibu huohuo kwa kuacha 14 mbele na kuweka 45 nyuma, ambayo ni 3.21, na cheni yako haitateswa zaidi mbele. Kama sproketi ya meno 48 inapatikana na inaingia bila kugusa kava, 15 kwa 48 inakupa 3.2, na hiyo ningeipenda kuliko zote.

Kuna sababu nyingine ya kuipenda 15. Viungo 112 vikigawanywa kwa meno 14 vinatoa 8 kamili, maana yake jino lilelile hukutana na viungo vilevile nane maisha yake yote, na jino likiwa na kasoro huviumiza hivyohivyo. Kwa meno 15 mgawanyo haukamiliki, hivyo kila jino hukutana na kila kiungo kwa zamu na kulika kunasambaa. Ila sproketi kubwa zaidi zitahitaji cheni ndefu zaidi, na viungo huongezwa viwili viwili. Ukifika 116 au 118 bado hakuna kigawo cha pamoja na 15. Ukifika 114 kipo, ambacho ni 3, na hilo si tatizo kubwa. Kabla ya kukata cheni, ifunge juu ya sproketi zote mbili huku ekseli ikiwa imesogezwa mbele, ikibaki nafasi kidogo tu ya kuipachika, ili upate nafasi yote ya nyuma kwa ajili ya kukazia baadaye.